Huduma za Berlin kwa familia inayohamia: ndani pazuri, mlango mwembamba

Berlin inaipokea familia vizuri kuliko inavyosifika. Chekechea haina ada tangu Agosti 2018. Mwanafunzi hapandi treni wala basi kwa nauli, na chakula chake cha mchana shuleni hakilipiwi mpaka amalize darasa la 6. Yote mawili yalianza Agosti 2019. Kadi ya maktaba ya mtoto ni bure. Ukiisoma orodha hiyo ukiwa Mwanza au Nakuru, utadhani kazi iliyobaki ni kufunga mabegi tu.

Shida iko mlangoni. Karibu kila huduma inaanzia kwenye karatasi moja, hati ya usajili wa makazi, na hati hiyo inategemea mwenye nyumba aliye tayari kusaini. Familia iliyoipata wiki ya pili inalisifia jiji. Ambayo mwezi wa tatu bado haijaipata inalilaani, na zote mbili zinazungumzia ofisi zilezile. Mkataba ambao Kenya na Ujerumani zilitia saini hapahapa Berlin Septemba 2024 unahusu uhamiaji na wafanyakazi. Haukuambii mtoto wa miaka mitatu ataachwa na nani wewe ukienda kazini. Kwa hiyo hapa huduma zinapimwa kwa nyota, sifuri mpaka tano, kwa mfuatano ambao familia hukutana nazo.

Nyumba ya kwanza

Wengi huanza na nyumba ya muda yenye samani, ya miezi mitatu au sita. Bei yake ni kubwa, lakini bei si ya kuogopa sana. La kuogopa ni maneno machache yaliyojificha chini ya tangazo: "keine Anmeldung", au "Anmeldung nicht möglich". Maana yake mwenye nyumba anaipokea pesa yako ila hataki usajiliwe hapo. Kwa mtu mmoja anayepita, sawa. Kwa familia, nyumba hiyo ni nyota sifuri hata ikiwa na roshani inayotazama mto.

Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi: utasaini Wohnungsgeberbestätigung, na utaandika majina yetu wote? Jina ni refu lakini fomu yenyewe ni ya ukurasa mmoja. Mtanzania ataifananisha na barua ya serikali ya mtaa, ila hapa anayekutambulisha ni mwenye nyumba, si mwenyekiti. Inaandikwa jina na anwani yake, anwani ya nyumba, tarehe ya kuingia na majina ya wanaohamia. Mkataba wa kupanga haupokelewi badala yake, hata uwe na mihuri mitano. Kosa linalorudisha watu nyumbani ni fomu yenye jina la aliyesaini mkataba peke yake, mwenzi na watoto hawamo. Ofisa atamsajili huyo mmoja, wengine wakatafute miadi upya. Ukipanga ndani ya nyumba ya mpangaji mwingine, yeye anaweza kusaini, mradi naye ameruhusiwa na mwenye nyumba kupangisha.

Kwenye nyumba ya kudumu, soma tangazo kwa macho ya Kijerumani. "3 Zimmer" ni sebule na vyumba viwili vya kulala. Jiko na bafu havihesabiwi. Kaltmiete ni kodi tupu. Warmmiete ni kodi pamoja na maji, taka, usafi wa ngazi na mara nyingi joto la nyumba. Umeme na intaneti kwa kawaida haviko ndani ya hizo zote mbili. Amana ina kikomo kisheria: kodi tupu ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi. Wenye nyumba wengi hawalitaji hilo la mafungu, nawe usione haya kulitaja. Habari njema zaidi ni ya dalali: tangu Juni 2015, aliyemwita ndiye anayemlipa. Kwa kuwa kwa kawaida anayemwita ni mwenye nyumba, ile desturi ya kumpa dalali kodi ya mwezi mzima, kama ilivyo Dar es Salaam, hapa haina mguu wa kusimamia.

Jambo linaloshangaza wageni ni jiko. Baadhi ya nyumba zinakabidhiwa zikiwa na chumba cha jiko chenye bomba la maji na soketi ukutani, basi. Hakuna sinki, hakuna jiko la kupikia, hakuna kabati. Kama tangazo halina neno Einbauküche, yaani jiko lililofungwa tayari, au kifupi chake EBK, weka akiba ya kununua vyote. Wakati mwingine mpangaji anayetoka anakuuzia jiko lake likiwa limeshafungwa mahali pake. Mara nyingi hiyo ndiyo nafuu, lakini bei yake iandikwe kwenye karatasi, kifaa kwa kifaa.

Wenye nyumba huomba hati za mshahara za miezi mitatu na taarifa ya SCHUFA inayoonyesha kama una madeni. Aliyefika juzi hana hata moja. Mbadala unaokubalika kwa baadhi yao ni mkataba wa kazi, barua ya mwajiri na taarifa ya akaunti yenye akiba. Asiyekubalika kabisa ni yule "mwenye nyumba aliye safarini" anayeahidi kukutumia ufunguo kwa posta ukishatuma amana. Huyo hana nyumba.

Siku ya kukabidhiwa, mita ya umeme, maji na joto zisomwe na kuandikwa kwenye fomu ya makabidhiano, na kila mkwaruzo upigwe picha. Umeme hauhitaji kwenda ofisi yoyote: ukiwasha taa tu umeshaingia kwenye mkataba wa msingi wa shirika linalohudumia eneo. Mkataba huo mara nyingi si wa bei nzuri, na unaweza kutoka kwa notisi ya wiki mbili.

Na madirisha. Nyumba za hapa zinabana hewa, na mvuke wa kupika, kuoga na nguo zinazoanikwa ndani unageuka ukungu mweusi pembeni mwa dirisha na nyuma ya kabati. Dawa yake ni kufungua dirisha lote, dakika tano mpaka kumi, mara kadhaa kwa siku, kipasha joto kikiwa kimezimwa. Kulegeza dirisha kidogo kutwa nzima hakusaidii. Kunapoza ukuta na kupandisha bili. Wapangaji hudaiwa ukarabati kwa sababu ya ukungu, kwa hiyo hili si suala la usafi tu.

Kisanduku cha barua

Linaonekana dogo, na ndilo linaloharibu mambo mengi kuliko yote. Anwani za ghorofa za Berlin kwa kawaida hazina namba ya mlango. Zina barabara, namba ya jengo na jina. Mtu wa posta anasimama mbele ya safu ya visanduku na kusoma majina. Asipoliona lako, barua inarudi ilikotoka. Ofisi za Kijerumani bado zinaishi kwa barua: namba ya kodi, kadi ya bima, namba za siri za benki, majibu ya posho ya watoto, vyote vinapita hapo.

Jina libandikwe siku ileile ya kupokea ufunguo. Kipande cha karatasi na gundi ya utepe vinatosha mpaka kibao cha kudumu kije. Fanya hivyohivyo kwenye kengele ya mlango mkubwa. Na hapa kuna mtego wa kwetu. Afrika Mashariki baba, mama na mtoto wanaweza kuwa na majina matatu tofauti ya mwisho, kwa kuwa mtoto amebeba jina la babu. Mfumo wa Kijerumani unachukua jina la mwisho la kwenye pasi kuwa ndilo la ukoo. Barua ya mtoto itaandikwa kwa jina hilo, na kisanduku chenye jina la baba tu hakitaipokea. Andika yote yaliyo kwenye pasi, hata kama kisanduku kitaonekana cha kijiji kizima.

Bürgeramt: nyota tatu

Sheria inataka usajili ufanyike ndani ya siku 14 tangu kuhamia. Jiji lina wilaya 12, na unaweza kusajiliwa kwenye Bürgeramt, yaani ofisi ya huduma za wananchi, yoyote kati ya zote, si ya wilaya yako tu. Wageni wengi hawalijui hilo. Wanakaa kusubiri ofisi ya jirani huku Spandau au Marzahn kuna nafasi. Miadi inashikwa kwenye tovuti service.berlin.de au kwa simu 115. Chagua utafutaji wa jiji zima. Nafasi zinazoachwa na walioghairi hurudi kwenye kalenda siku hiyohiyo, hivyo anayechungulia asubuhi mapema, kisha tena mara kadhaa mchana, humshinda anayetazama mara moja jioni. Siku 14 zikipita kabla ya miadi, hifadhi uthibitisho wa tarehe uliyopata kushika. Ndio unaoonyesha kwamba hukuzembea.

Usajili kwa mtandao upo, ila umejengewa mtu ambaye tayari amesajiliwa Ujerumani na ana kitambulisho cha kielektroniki. Kwa anayetoka nje ya nchi, usajili wa kwanza hufanyika ofisini.

Beba fomu ya usajili iliyojazwa, pasi za wote, ile karatasi ya mwenye nyumba, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Familia inayohamia nyumba moja inaweza kusajiliwa kwa pamoja, na mzazi mmoja anaweza kwenda kwa niaba ya wote akiwa na pasi zao. Vyeti viwe vimetafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Taratibu za kuthibitisha vyeti hutofautiana nchi kwa nchi, na ubalozi wa Ujerumani kule ulikotoka ndio wenye jibu. Jambo hilo limalizwe kabla ya safari, kwa sababu kulishughulikia ukiwa hapa ni kumsumbua ndugu aliyebaki aende mjini mara nne. Cheti cha ndoa kisipoonekana, ndoa haiingizwi kwenye kumbukumbu, na mshahara unakatwa kodi kana kwamba hujaoa au hujaolewa.

Kuna kisanduku kimoja kwenye fomu kinachostahili dakika ya kufikiri: dini. Wengine hukijaza kama wanavyojaza fomu ya hospitali nyumbani, bila kujua kinakwenda moja kwa moja kwenye mshahara. Anayeandika kwamba ni Mkatoliki au wa kanisa la Kiinjili, na Mlutheri wa Moshi au Bukoba anaangukia humo, ataanza kukatwa kodi ya kanisa. Kwa Berlin ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, si ya mshahara wote. Wapo wanaoilipa kwa moyo, na ni haki yao. Ila aijaze anayejua anachojaza, maana kujitoa baadaye kunamtaka mtu aende mahakama ya wilaya na kutamka rasmi kwamba ametoka kanisani. Waislamu hawana makato ya namna hiyo.

Dirishani kwenyewe mambo huisha haraka. Ofisa akiwa na karatasi zote mkononi, unatoka na hati yako siku hiyohiyo bila kulipa kitu. Nyota mbili tunazokata ni za kalenda ya miadi, si za watu walio nyuma ya meza.

Barua zinazofuata

Ya kwanza yenye uzito ni namba ya kodi ya mtu binafsi, tarakimu 11, ambayo kila mwanafamilia hupewa, hata mtoto mchanga. Huchukua wiki kadhaa. Usiitupe bahasha hiyo: namba ni ya maisha yote. Bila yake mwajiri anaweza kulazimika kukukata kwa daraja la 6 la kodi, lenye makato makubwa kuliko yote, na tofauti utairudishiwa baadaye.

Ya pili huwakasirisha watu: ada ya utangazaji wa umma, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Haijali kama una televisheni. Haijali idadi ya watu. Mume na mke wakipata barua mbili, walipe moja na kuiandikia ofisi kwamba namba fulani tayari inalipa kwa anwani hiyo. Kuinyamazia ndilo kosa baya zaidi, kwa sababu deni linakua na mwisho linakuja na mkusanya madeni.

Posho ya watoto, Kindergeld, haiji yenyewe. Inaombwa kwa Familienkasse, ofisi ya posho za familia, na fomu inataka namba ya kodi ya mzazi na ya kila mtoto. Mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa kila mtoto kwa mwezi, na tangu Januari 2026 ni 259. Haki ya kuipata inategemea aina ya kibali: mwenye kibali cha kazi kwa kawaida anastahili, wengine wasome masharti yao kwanza. Malipo ya nyuma yanarudi miezi sita tu. Mwenye watoto watatu aliyechelewa miezi tisa amepoteza ya miezi mitatu, zaidi ya euro elfu mbili, na hakuna wa kumlilia.

Chekechea: nyota nne, ikianza

Hapa pana utajiri na pana msongamano. Hatua ya kwanza ni vocha, Kita-Gutschein, inayotolewa na Jugendamt, ofisi ya watoto na vijana, ya wilaya unakoishi. Huombwa mapema kabisa miezi tisa na kwa kuchelewa kabisa miezi miwili kabla ya tarehe unayotaka mtoto aanze. Vocha inaandika idadi ya saa kwa siku: nusu siku ni saa nne hadi tano, muda wa kati ni saa tano hadi saba, siku nzima ni saa saba hadi tisa. Saa nyingi huhitaji ushahidi, kwa mfano barua ya mwajiri au ya kozi ya lugha.

Vocha siyo nafasi. Ni ahadi ya jiji kwamba litalipa. Kituo unatafuta mwenyewe. Wazazi wengi hukwama hapo, wakisubiri kupigiwa simu baada ya vocha kufika. Tengeneza orodha ya vituo kumi na tano au ishirini vilivyo kwenye njia ya nyumbani kwenda kazini, andikia vyote, kisha pita ana kwa ana saa ambayo watoto wamelala mchana, kwa kuwa ndipo mkuu wa kituo anapata nafasi ya kuongea. Nafasi nyingi hufunguka Agosti, watoto wakubwa wanapokwenda shule. Anayefika Novemba ajipange kisaikolojia.

Ada hakuna, chakula cha mchana ni euro 23 kwa mwezi. Vituo vingine huomba nyongeza ya kifungua kinywa, muziki au michezo. Uliza ni kiasi gani na kwa nini, na kumbuka mzazi ana haki ya kuikataa.

Kabla ya siku ya kwanza huombwa uthibitisho wa chanjo ya surua. Ni sheria ya nchi nzima tangu Machi 2020. Mtoto aliyefikisha mwaka mmoja awe na angalau dozi moja, wa miaka miwili na kuendelea awe na mbili. Kadi ya kliniki ya nyumbani ni dhahabu, basi isafiri kwenye begi la mkononi. Daktari wa watoto huisoma na kuhamishia chanjo kwenye kitabu cha Kijerumani. Kadi iliyopotea huenda ikamaanisha sindano upya.

Halafu kuna jambo ambalo mwajiri mpya halielewi mpaka aelezwe: mtoto haachwi siku ya kwanza. Vituo vingi hufuata utaratibu uitwao mfano wa Berlin. Siku tatu za mwanzo mzazi anakuja na mtoto, wanakaa kama saa moja, wanaondoka pamoja. Mzazi anakaa pembeni ya chumba. Hachezi kwa niaba ya mtoto, hamsukumi kwa mlezi, na haangalii simu. Siku ya nne ndipo mzazi anaaga na kutoka, kwa muda usiozidi nusu saa, na siku hiyo haipangwi Jumatatu, kwa kuwa mtoto ametoka kwenye wikiendi ya mama na baba. Mtoto akilia na mlezi akaweza kumbembeleza haraka, muda unaongezwa siku hadi siku. Asipobembelezeka, wanarudi nyuma na kuanza upya taratibu. Kwa jumla huchukua wiki mbili au tatu, wakati mwingine zaidi. Mzazi aliyepanga kuanza kazi Jumatatu ileile atavunja utaratibu au ataanza kazi vibaya. Mmoja wenu awe huru mwezi mzima wa kwanza. Ni utaratibu mrefu, na kwa mtoto ambaye hajui neno hata moja la Kijerumani ni mzuri kuliko wetu wa kumkabidhi mtoto getini na kukimbia.

Orodha ya vitu vya kuleta ina viatu vya ndani, nguo za kubadilisha na suruali ya mpira yenye kamba mabegani pamoja na buti za mvua. Usicheke: watoto wanatolewa nje hata manyunyu yakinyesha, na asiye na suruali hiyo atarudi nyumbani na tope mpaka shingoni.

Shule na daktari

Shule ya msingi Berlin ni ya miaka sita. Mtoto anayetimiza miaka 6 ifikapo Septemba 30 lazima aanze mwaka huo, kibali kiwe cha aina gani. Asiyejua Kijerumani anaweza kuwekwa kwanza kwenye darasa la kukaribisha wageni, Willkommensklasse, ambalo kazi yake kubwa ni lugha. Ubora unatofautiana mno kati ya shule na shule. Swali la kumuuliza mwalimu ni hili: mtoto ataanza lini kukaa na darasa la kawaida, hata kwa hisabati na michezo tu? Jibu lisilo na tarehe lifuatilie.

Kwa bima, familia yenye mfanyakazi mmoja hufaidika na bima ya umma: mwenzi asiye na kipato na watoto huingia chini yake bila mchango wa ziada. Kwenye bima binafsi kila kichwa kina bei yake, na aliyevutwa na malipo madogo akiwa peke yake hushtuka familia ikifika. Fomu ya kuwaingiza ijazwe mapema, kwa sababu bima ya safari huisha na kadi za watoto huja kwa posta.

Daktari wa watoto ndiye mgumu kumpata. Kliniki nyingi hujibu kwamba hazipokei wapya. Piga kwa zilizo karibu na anwani yako kwanza, taja umri wa mtoto na tarehe ya chanjo ya mwisho. Nje ya saa za kazi, au ukihitaji kutafutiwa miadi, namba ni 116117. Dharura ya kweli ni 112. Kumpeleka mtoto hospitali kubwa Jumapili kwa homa ya kawaida kutawagharimu saa nyingi kwenye benchi.

Usafiri, maktaba na wenye skafu nyekundu

Usafiri hauna mengi ya kulalamikia. Vituo havina mageti, na hilo ndilo linalowaponza wageni: tiketi ya karatasi isiyogongwa muhuri kwenye kimashine cha kituoni ni sawa na hakuna tiketi, na faini ni euro 60. Chini ya miaka 6 hawalipi. Mtu mzima anayesafiri kila siku huchukua Deutschlandticket, euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026, inayofaa kwenye mabasi na treni za mikoani nchi nzima lakini si treni za mwendo kasi. Kwa wenye kigari cha mtoto, lifti zinaharibika mara nyingi. Tazama hali yake kwenye programu ya simu kabla ya kutoka.

Maktaba tunazipa nyota tano bila kusita. Kadi ya mtu mzima ni euro 10 kwa mwaka, na inatumika kwenye maktaba zote za umma za wilaya 12. Kuna vitabu vya picha, michezo ya mezani, na sehemu yenye joto ya kukaa na watoto wakati wa baridi bila kulazimika kununua kahawa. Ubaya wake ni faini za kuchelewesha. Vitu ishirini vikichelewa pamoja, inauma.

Huduma tunayoona haijulikani inavyostahili ni ya Stadtteilmütter, "mama wa mtaa". Ilianza Neukölln mwaka 2004 na sasa iko wilaya nyingine pia. Ni wanawake waliohamia hapa wenyewe, wamefundishwa, wanavaa skafu nyekundu na wanakuja mpaka nyumbani, bure: mnakaa mezani na barua zenu za ofisi, mnaulizana kuhusu chekechea, shule, afya. Usitegemee kumpata wa Kiswahili. Hata hivyo mama anayezungumza Kijerumani chepesi, aliyewahi kulia kwa sababu ya fomu hiyohiyo, ana faida kuliko tovuti kumi. Kwa masuala ya kibali na haki za kazi, nendeni Willkommenszentrum, kituo cha kukaribisha wahamiaji kilichopo Potsdamer Straße, nako ni bure. Wanaotoza pesa ili "kukutafutia miadi" hawana kalenda yoyote tofauti na yako.

Chakula na Jumapili

Maduka hufungwa Jumapili, isipokuwa machache ya kwenye vituo vikubwa vya treni. Familia inayofika Jumamosi usiku bila maziwa wala mkate huenda ikalala na biskuti za ndege. Unga wa mahindi wa njano wa dukani ni chenga za polenta. Ukiusonga, unapata kitu kinachokataa kushikana. Sembe nyeupe, mihogo na maharage viko kwenye maduka ya Kiafrika, mengi yakiwa Wedding. Mtaa huo una barabara zenye majina ya Afrika, na mojawapo ilikuwa ikiitwa Petersallee mpaka Agosti 2024, ilipogawanywa na kupewa majina mawili mapya. Kipande kimoja sasa ni Maji-Maji-Allee. Ukienda kununua unga, kibao kiko pale kwenye kona, kimeandikwa kwa herufi zilezile za vibao vingine vyote vya jiji.